Nani Aitwe Mlezi? Filamu ya "Daddy Day Care" na Malezi ya Mitaa ya Bujumbura

Wahenga walinena kwamba mkono mmoja haulei mwana. Methali hii tumeifundisha kwa miaka mingi, na wanafunzi wetu huieleza vizuri sana wakati wa mitihani: huandika kwamba kazi kubwa yataka ushirikiano, nasi huwapa alama zao zote. Lakini ni mara chache tunawauliza swali ambalo methali yenyewe haikulijibu. Huo mkono wa pili ni wa nani? Ni wa baba, wa nyanya, au wa jirani? Na mwenye mkono huo hupata nini kwa kazi yake, na jina lake ni nani?

Makala hii yakusudia kulifuata swali hilo kwa kuhakiki filamu moja ya Kimarekani iitwayo "Daddy Day Care", iliyoongozwa na Steve Carr na kuanza kuonyeshwa Mei 2003. Huenda baadhi ya walimu wenzetu wakashangaa kuona kurasa hizi, zilizozoea riwaya na tenzi, zikishughulika na kichekesho cha Hollywood. Tunazo sababu mbili. Kwanza, wanafunzi wetu hutazama filamu za namna hii kuliko wasomavyo riwaya, na mwalimu asiyehakiki kile ambacho mwanafunzi wake hukitazama huwa amemwachia mtu mwingine kazi yake. Pili, kisa cha filamu hii, yaani marafiki waliokosa kazi wakaanza kulea watoto wa majirani, si kigeni kwetu. Kisa kama hicho chapatikana Buyenzi, Bwiza, Kamenge na Kinama, ila hapa kwetu hakikupigwa picha na hakina mchezaji mashuhuri.

Kisa chenyewe

Charlie Hinton, anayechezwa na Eddie Murphy, na rafiki yake Phil, anayechezwa na Jeff Garlin, wameajiriwa na kampuni ya vyakula. Kazi yao ni kuitafutia soko nafaka ya asubuhi iliyotengenezwa kwa mboga. Watoto wanaikataa, kampuni inaivunja idara yao, nao wanaachishwa kazi. Kim, mkewe Charlie, ni mwanasheria aliyerudi kazini hivi karibuni. Basi mume ndiye anayebaki nyumbani na mtoto wao Ben. Chapman Academy, shule ya watoto wadogo aliyokuwa akipelekwa Ben, ni ya gharama kubwa, na sasa haiwezekani tena kuilipia. Kwa kuzungumza na wazazi wenziwe, Charlie anagundua kwamba shida hii ni ya mtaa mzima. Hapo ndipo marafiki wanapoamua kuigeuza nyumba yake kuwa mahali pa kulelea watoto mchana. Baadaye anajiunga nao Marvin, aliyekuwa mgawaji wa barua katika kampuni ile ile.

Siku za mwanzo ni fujo tupu. Kisha baba hao wanajifunza, watoto wanazoea, na wazazi wanaongezeka. Bibi Harridan, mkuu wa Chapman, anapoona idadi ya watoto wake inapungua, anawashitaki kwa idara ya ustawi wa watoto, na mkaguzi anatumwa. Watoto wanapozidi, sheria inadai mahali pakubwa zaidi, fedha hakuna, tamasha la kuchangisha linaharibiwa kwa hila za Harridan. Wakati huo huo kampuni inawaita tena Charlie na Phil kazini kwa masharti mazuri, nao wanakubali. Mwishoni Charlie anatambua kosa lake, anaiacha kazi, na kituo kinafunguliwa upya. Harridan anaishia kuwavusha watoto barabara.

Dhamira

Dhamira iliyo wazi zaidi ni ile ya ukosefu wa kazi na heshima ya mwanamume. Charlie hakuchagua kulea; alilazimika. Kicheko cha nusu ya kwanza kinatokana na dhana moja tu, kwamba mwanamume aliyeshika nepi ni kichekesho kwa kuwa hapo si mahali pake. Laiti filamu ingekomea hapo tusingepoteza wino wetu. Lakini polepole mkondo unageuka, na mtazamaji anaanza kucheka pamoja na Charlie badala ya kumcheka. Hayo ni maendeleo, na ni haki kuyataja.

Dhamira ya pili ni ya kitabaka. Chapman Academy ni shule ya sare na nidhamu kali, ambayo huwatayarisha watoto wasiojua bado kufunga viatu vyao kwa mitihani ya miaka ya mbele. Mzazi hulipa ili mtoto wake awatangulie wengine. Filamu inaukejeli utaratibu huo kwa ustadi, na kila mwalimu aliyewahi kuulizwa na mzazi kwa nini mtoto wa miaka 4 hajui bado kuandika ataielewa kejeli hiyo. Hata hivyo kejeli haifiki mbali. Filamu inapinga shule ghali kwa kuleta iliyo nafuu, na tatizo linatoweka mara tu kituo cha Charlie kinapopata wateja wa kutosha. Haiulizwi kwa nini malezi ya mtoto mdogo yaachwe sokoni tangu mwanzo, wala mzazi asiyeweza kulipa hata ile bei nafuu afanye nini. Soko liliwaachisha kazi na soko likawaokoa; hilo ndilo jibu la Hollywood, na halitutoshi.

Wahusika

Miongoni mwa watu wazima mhusika aliyechorwa kwa huruma kuliko wote ni Marvin, mtu mpweke anayependa mno hadithi za safari za anga. Pamoja na kina Charlie kuna mtoto ambaye maneno yake hayaeleweki kwa yeyote, nao wanadhani anabwabwaja tu. Marvin anapofika anamsikiliza, na kumbe mtoto huyo anasema lugha ya kubuni ya mfululizo wa "Star Trek", lugha ambayo Marvin anaijua barabara. Mtoto anajibiwa, na tangu hapo si mtoto wa matatizo tena.

Tukio hili limewekwa kwa ajili ya kuchekesha, lakini kwetu sisi walimu wa lugha ndilo tukio lenye maana kubwa kuliko yote katika filamu nzima. Katika ua mmoja wa Buyenzi mtoto mmoja huamka na Kiswahili, wa pili na Kirundi, na wa tatu, ambaye wazazi wake walivuka kutoka Uvira, huchanganya Kiswahili cha Kongo na Kilingala. Kisha wote watatu huingia shule ambako vitabu vingi vitawasemesha Kifaransa. Ni watoto wangapi tuliowaita wazito kwa sababu tu hatukuwa na Marvin wa kuwajibu? Malezi huanza kwa kusikiliza, na filamu hii, pengine bila kukusudia, imelithibitisha jambo hilo.

Mkaguzi Kubitz naye anastahili neno. Katika filamu nyingi mtu wa serikali ni adui au mpumbavu. Huyu ni mpole na mwadilifu: anataja kasoro, anarudi kuona kama zimeondolewa, na zikiondolewa anaridhika. Kwa njia hiyo filamu inakiri kwamba nia njema peke yake haimlindi mtoto, na kwamba sheria ikiwa na haki humsaidia mlezi.

Sasa tutazame upungufu mkubwa wa wahusika. Katika filamu yote mlezi wa kike mwenye nafasi kubwa ni Harridan, naye ni adui. Msaidizi wake Jenny ana moyo mwema, lakini amewekwa pembeni. Kina mama wengine huja asubuhi kuacha watoto na jioni kuwachukua. Kabla Charlie hajafungua mlango wake, watoto wa mtaa ule walikuwa wakikaa kwa nani? Hakika walikaa kwa mtu fulani, na yaelekea mtu huyo alikuwa mwanamke. Amefutwa katika kisa ili baba watatu waonekane wavumbuzi wa kazi ambayo wanawake wameifanya tangu enzi na enzi bila kuundiwa filamu.

Lugha na majina

Suala la majina latuhusu zaidi sisi. Filamu hii ilipopelekwa Ufaransa iliitwa "École paternelle". Wenzetu wengi wa Bujumbura wanaojua Kifaransa watacheka papo hapo, kwa maana shule ya watoto wadogo kwa Kifaransa ni "école maternelle", yaani shule ya kimama. Mfasiri alibadili sehemu moja ya neno, mama akaondoka na baba akaingia. Ni mchezo mzuri wa maneno, tena unafichua jambo: jina la kawaida la shule hiyo limekwisha kuamua, kabla ya mtu yeyote kufungua mlango, kwamba kazi hii ni ya mwanamke.

Je, Kiswahili chasemaje? Mfasiri wa Kiswahili hawezi kuucheza mchezo huo, kwa sababu majina yetu hayana mama wala baba. Twasema chekechea, twasema shule ya awali, na wengine husema shule ya vidudu. Yote hayo yanawataja watoto wenyewe au wakati wa kuanza masomo. Anayelea hatajwi kabisa. Jambo hili lina uzuri wake, kwani halimfungi mtu kwa jinsia yake. Lina pia hatari, kwani kazi isiyotajiwa mfanyaji ni rahisi kudhaniwa kuwa inajifanya yenyewe.

Neno lenye kumtaja mfanyaji tunalo, nalo ni mlezi. Ni neno zuri, halibagui mwanamume na mwanamke. Lakini tazameni tunavyolitumia. Katika barua za shule huandikwa "mzazi au mlezi", na mlezi hapo ni yule mwenye mamlaka ya kutia saini. Katika vyama vyetu mlezi ni mtu mkubwa aalikwaye mara moja kwa mwaka, akakaa kiti cha mbele na kukata utepe. Ama yule anayemwogesha mtoto, anayemlisha uji na kumbembeleza hadi alale, tunamwita yaya, au dada, au hatumwiti lolote. Katika Bujumbura neno yaya limeingia hata katika Kirundi, likawa umuyaya. Heshima ya ulezi imekwenda kwa asiyelea, na anayelea amebakiwa na jina la utumishi. Hapa Charlie Hinton anatufaa kama mfano. Alipofanya kazi ya yaya, hakuna aliyemwita yaya, aliitwa mjasiri.

Kiswahili kina pia neno ulezi lenye maana mbili: kazi ya kulea, na ile nafaka ndogo tunayowapikia watoto uji. Charlie na Phil walishindwa kuuza nafaka ndipo wakaingia katika ulezi. Mwandishi wa filamu hakuweza kuijua bahati hiyo ya lugha yetu, lakini mwalimu anaweza kuitumia darasani, na wanafunzi hawataisahau tofauti ya maana hizo.

Filamu hii na mitaa yetu

Filamu ilipotoka mwaka 2003, Burundi ilikuwa bado vitani. Makubaliano ya Arusha yalikuwa yametiwa saini Agosti 2000, lakini bunduki zilikuwa hazijanyamaza, na Julai 2003 mabomu yaliangukia jiji la Bujumbura lenyewe. Watoto wengi wa miaka ile walilelewa na nyanya, shangazi na majirani, si kwa sababu baba alifukuzwa kazi bali kwa sababu baba hakuwapo tena. Hatusemi haya ili kuilaumu filamu kwa kuwa haikuzungumzia habari zetu. Twayasema ili mtazamaji wa hapa ajue ni kwa nini kicheko chake chaweza kukatika katikati.

Buyenzi ina mitaa iliyonyooka yenye majina ya nambari, na nyua ambazo familia kadhaa hutumia bomba moja na kivuli kimoja. Mama anayeuza ndagala au nguo za mitumba huondoka alfajiri kwenda soko la Ruvumera. Mtoto anayenyonya huenda mgongoni. Wa miaka 3 hubaki kwa jirani. Jirani huyo si mwajiriwa wala si ndugu. Jioni hupewa fungu la ndagala, kipande cha sabuni, au fedha kidogo siku ambayo biashara imekwenda vizuri. Kwa watoto waliokua kidogo ipo madrasa, ambayo pamoja na kufundisha Kurani huwapa kina mama saa chache za kufanya kazi wakiwa na utulivu. Tarehe 27 Januari 2013 soko kuu la Bujumbura lilipoungua, wengi walipoteza mitaji yao kwa siku moja. Mwenye kibanda akipoteza mtaji, jirani anayemshikia mtoto naye hupoteza riziki, ijapokuwa jina lake halimo katika orodha yoyote ya waliopata hasara.

Tuwafikirie sasa wasichana watatu waliomaliza sekondari katika mtaa huo, wasio na kazi, wakaamua kama Charlie kuwakusanya watoto 12 katika ua wa mama yao. Watapata shida ambazo filamu haikuziota. Maji yakikatika, watoto wataoshwa kwa nini? Mtoto mmoja akiharisha, na Bujumbura si mji usioijua kipindupindu, wenzake watakingwaje? Mzazi asipouza leo hatalipa leo, na hakuna atakayethubutu kumrudisha mtoto mlangoni. Katika filamu kosa la mlezi hugharimu zulia na makochi. Hapa laweza kugharimu uhai. Ndiyo sababu hatuwezi kukubali moja kwa moja fundisho la kichekesho hiki kwamba moyo mkunjufu watosha.

Wala hatulazimiki kwenda California kutafuta mfano. Tanzania ilitunga mwaka 1981 sheria ya vituo vya kulelea watoto mchana, na Umoja wa Wanawake wa nchi hiyo uliendesha vituo vingi vya chekechea. Mjini Mombasa, mwaka 1986, mwalimu Bi Swafiya Said alianza kazi ya kuanzisha shule za awali zilizojengwa juu ya misingi ya madrasa, kwa msaada wa Shirika la Aga Khan. Mpango huo ukafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Siri yake ilikuwa kwamba walimu walichaguliwa miongoni mwa wanawake wa mtaa wenyewe, wakafunzwa, na wakazi wakaimiliki shule yao. Mwenye kulitazama Buyenzi kwa makini ataona kwamba madrasa zipo na wanawake wapo. Burundi iliondoa karo ya shule za msingi mwaka 2005, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini mtoto wa miaka 3 hakuwamo katika hesabu hiyo, na mama yake angali akitegemea fadhila za jirani.

Fani

Kuhusu fani hatuna mengi. Muundo ni ule wa kawaida wa Hollywood: mafanikio, pigo, majuto, ushindi. Mtazamaji mzoefu ataujua mwisho kabla ya nusu. Harridan amechorwa kwa rangi moja, na adhabu yake ya mwisho ni ya kitoto. Isitoshe, kumfanya kazi ya kuvusha watoto barabara iwe ndiyo aibu yake ni kosa la kimaudhui, kwani kuvusha watoto salama ni malezi pia, na filamu iliyodai kuyaheshimu malezi haikupaswa kuyafanya fimbo ya kumchapia adui. Watoto, kwa upande mwingine, wamechezeshwa vizuri. Hawasemi maneno ya watu wazima, na kimya chao mara nyingi kina nguvu kuliko vichekesho vya Murphy. Filamu ilipata fedha nyingi, ikazaa nyingine mwaka 2007, "Daddy Day Camp", ambayo Murphy hakuicheza na ambayo hatuoni faida ya kuihakiki hapa.

Tamati

Kwa jumla, twaiona "Daddy Day Care" kuwa kichekesho chepesi chenye ukweli mmoja mzito: kwamba kulea ni kazi inayofundishika, na kwamba mwanamume akiifanya kwa moyo hupata ndani yake hadhi ambayo kampuni haikumpa. Upungufu wake ni kuuficha mkono ulioifanya kazi hiyo kabla yake. Twaipendekeza itazamwe na madarasa ya juu ya sekondari, kwa masharti kwamba mwalimu asiizime na kuwaruhusu wanafunzi waende zao mara tu kicheko kinapokwisha.

Mazoezi matatu yanaweza kufuata. Wanafunzi wapewe kazi ya kuitafutia filamu jina la Kiswahili na kulitetea. Sisi tulijaribu "Baba Walezi" na hatujaridhika. Waambiwe waandike habari za mtu aliyewashikia wao walipokuwa wadogo ilhali si mzazi wao: alilipwa nini na aliitwa nani. Kisha wajadili kama mtu huyo anastahili kuitwa mlezi katika barua za shule na katika mikutano, kama tunavyowaita wakubwa wetu.

Zoezi la tatu twalipendekeza kwa walimu pia. Mara nyingine tutakapoandaa sherehe ya chama, na tutakapofikiria ni nani akalishwe kiti cha mlezi, tumkumbuke mama wa ua wa pili aliyebaki na watoto wetu asubuhi hiyo ili sisi tuweze kuhudhuria.